Mama ameacha dawa, anasema sumu inamtoka

Washauri wapendwa,

Mama yangu ana miaka 61 na ameishi na kisukari na presha kwa miaka 9. Dawa zake ni metfomini miligramu 1000 asubuhi na jioni, amlodipini miligramu 10 na losatani miligramu 50 mara moja kwa siku. Wiki tatu zilizopita aliziacha zote kimyakimya. Nilijua nilipofungua droo yake nikakuta karatasi za vidonge hazijaguswa.

Chanzo ni sauti ya dakika sita ambayo mjomba, kaka yake mkubwa, aliituma kwenye kundi letu la familia la WhatsApp. Anayeongea anajiita daktari lakini jina hataji. Anasema kisukari, presha na saratani vyote vinaletwa na asidi mwilini, na kwamba Otto Warburg alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1931 kwa kugundua hilo. Anasema metfomini inaua figo. Tiba yake ni glasi ya maji ya uvuguvugu, ndimu mbili na kijiko cha chai cha soda ya kuokea, asubuhi na jioni, pamoja na jagi la juisi ya mboga za majani mchana. Mwisho anaonya: ukianza kujisikia vibaya usiogope, ni sumu inatoka.

Wiki ya kwanza mama alifurahi sana. Uvimbe wa miguu uliisha na tumbo likatulia. Sasa anaamka mara nne usiku kukojoa, kichwa kinamuuma, amepungua kilo 3. Juzi nilimpima kabla hajala: sukari 13.8, presha 168 kwa 98. Nilipomwonyesha alijibu, “Si nilikwambia? Sumu inatoka, na mafuta yanayeyuka.”

Niliandika kwenye kundi kwamba ule ni uongo na mjomba asitume vitu asivyovijua. Shangazi wawili walinijia juu kwamba nimemvunjia heshima. Mama akanuna, na sasa hataki nimguse na mashine. Nimrudisheje kwenye dawa? Niseme nini kwa mjomba? Na zikija sauti nyingine kama hii, nitazipimaje?

Binti Mkubwa

*

Binti Mkubwa,

Tuanze na zile namba, maana hazingojei watu wapatane. Sukari ya 13.8 kabla ya kula (kwa mashine zinazotumia kipimo kingine ni kama 248) pamoja na presha ya 168 kwa 98 zinatosha kumpeleka mama kliniki ndani ya siku moja au mbili, hata kama anasema anajisikia vizuri. Kuna hali ambazo hazingoji hata hiyo siku moja. Presha ikifika 180 kwa 120, apumzike dakika tano kisha mpime tena. Ikibaki hapo, aonwe siku hiyohiyo. Kama ina maumivu ya kifua, pumzi kukata, kuona ukungu, mdomo kupinda, ulimi kuwa mzito au mkono mmoja kulegea, mpeleke hospitali saa hiyohiyo. Upande wa sukari, ikizidi 15 kila ukipima, au akianza kutapika, kuhema haraka na kwa kina, kusinzia isivyo kawaida au kuchanganyikiwa, ni hospitali pia.

Vidonge arudi navyo vipi? Asifidie. Dozi za wiki tatu hazilipwi kwa mkupuo. Mpigie daktari wake au mfamasia, mweleze ameacha nini na kwa muda gani, kisha uulize aanze na kiasi gani. Swali hili ni la maana zaidi kwa metfomini, kwa sababu tumbo lililoisahau likipewa miligramu 2000 kwa siku ghafla linaweza kuchafuka vibaya, na mama akapata ushahidi mpya dhidi yake. Mara nyingi hushauriwa kuanza na 500 wakati wa chakula na kupanda polepole. Na kama kwa sasa anatapika, anaharisha au ameishiwa maji mwilini, metfomini na losatani zisianze kabla hajaonwa.

Sasa tuje kwa mama mwenyewe. Hajadanganyika kijinga, na ukianza na dhana hiyo utampoteza. Ile wiki ya kwanza alipata nafuu ya kweli. Amlodipini, hasa ikifika miligramu 10, huvimbisha vifundo vya miguu kwa watu wengi. Metfomini huleta gesi, kichefuchefu na kuharisha. Alipoziacha, miguu ikanywea na tumbo likatulia. Presha nayo haikuruka siku hiyohiyo, kwa sababu amlodipini hutoka mwilini taratibu, nusu yake ikihitaji kati ya saa 30 na 50, hivyo kwa siku kadhaa alikuwa bado analindwa na kidonge alichoamini amekiacha. Kwa hiyo alichokiona kwa macho yake ni madhara ya dawa yakiondoka, na sifa zote zikaenda kwa ndimu. Ugonjwa wenyewe hauna sauti. Presha ya 168 haiumi mguu wala haisokoti tumbo.

Hapo ndipo ile sauti ilipomkuta. Inawezekana mama amevumilia miguu kuvimba muda mrefu bila kuulizwa na mtu, na wa kwanza kumwambia kwamba dawa zinamsumbua akawa mtu asiyetaja jina. Miguu na tumbo, yote mawili yana dawa. Daktari anaweza kushusha amlodipini hadi 5 na kupandisha losatani, au kubadilisha kabisa. Metfomini ipo ya kuachilia polepole, ambayo matumbo mengi huivumilia vizuri kuliko ile ya kawaida, na kuimeza katikati ya chakula badala ya tumbo tupu husaidia. Mama akijua kwamba miguu na tumbo vitashughulikiwa, utakuwa umeshafika nusu ya njia kabla ya kubishana na sauti ya mtu yeyote.

Tuiangalie hii “sumu inayotoka”, maana kati ya yote yaliyosemwa ndiyo ya hatari zaidi. Figo huchuja sukari na kuirudisha kwenye damu, lakini uwezo wao wa kuirudisha una kikomo. Sukari ya damu ikipita takriban 10, inayozidi humwagika kwenye mkojo, na inapotoka huvuta maji. Mama akiwa na 13.8 asubuhi kabla ya kula, huenda mchana anapanda zaidi ya hapo. Ndiyo maana anaamka mara nne. Kinachotoka ni sukari ya chakula chake na maji ya mwili wake. Zile kilo 3 ni maji hayo, pamoja na mafuta na misuli ambayo mwili unaichoma kwa sababu sukari iliyopo kwenye damu haiingii kwenye seli inavyotakiwa. Dalili hizi hizi, kukojoa sana, kiu na kukonda, ndizo zinazowafanya watu wengi wapimwe kisukari kwa mara ya kwanza. Mama anaelezewa dalili za ugonjwa kama dalili za kupona.

Aliyetunga ile sauti ameziba mlango wa kutokea. Ukijisikia vizuri, tiba inafanya kazi. Ukijisikia vibaya, tiba inafanya kazi zaidi. Hakuna kitakachotokea ambacho kingemwonyesha mama kwamba imeshindwa. Kwa hiyo muulize swali moja, kwa upole, kisha umwache alifikirie: “Mama, kama ni sumu, itaisha siku gani, na tutaona namba gani kwenye mashine ili tujue imeisha?” Sauti ya dakika sita haikulijibu. Kliniki inalijibu: kwa wagonjwa wengi wa kisukari HbA1c hulengwa iwe chini ya asilimia 7, na kipimo hicho kinaonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, hivyo hakidanganywi na siku moja ya kujinyima.

Kuhusu asidi. Damu ya binadamu hukaa kati ya pH (kipimo cha ukali wa asidi) 7.35 na 7.45. Mapafu yanaishikilia hapo kwa kutoa kaboni dioksaidi kila pumzi, na figo kwa kutupa asidi kwenye mkojo. Chakula kinaweza kubadilisha pH ya mkojo, ndiyo maana vile vikaratasi vya kupima mkojo hubadilika rangi na watu wakashawishika, lakini damu haiendi pamoja nao. Kuna asidi moja inayohusiana kweli na kisukari: insulini ikipungua mno, mwili huchoma mafuta kwa fujo na damu huchachuka. Hapo upungufu wa insulini ndio unaoleta asidi. Sauti imegeuza mkokoteni ukamtangulia punda. Ni kweli pia kwamba madaktari huwapa bikaboneti, yaani ile ile iliyomo kwenye soda ya kuokea, baadhi ya wagonjwa wa figo, lakini ni baada ya kupima damu na kwa dozi iliyohesabiwa. Ukikutana na punje ya ukweli kama hii, ikubali waziwazi mbele ya mama. Ukikataa kila kitu, siku atakayosikia kuhusu mgonjwa wa figo aliyepewa bikaboneti atakuona wewe ndiye mwongo.

Glasi yenyewe ina tatizo ambalo halijatajwa popote kwenye ile sauti. Kijiko cha chai cha soda ya kuokea kina takriban miligramu 1,260 za sodiamu. Mara mbili kwa siku ni kama 2,520. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifike miligramu 2,000 kwa siku nzima, vyakula vyote vikijumlishwa. Yaani mama anaweza kula chakula kisicho na chumvi hata chembe na bado akawa amevuka kiwango kwa glasi hizo mbili tu. Wenye presha huonywa wasijitibu kwa soda hii kwa sababu hiyohiyo. Lile povu anapochanganya ni asidi ya ndimu na bikaboneti zikiuana na kutoa gesi pale pale kwenye glasi. Gesi inaruka, sodiamu inabaki na kunywewa. Hili unaweza kumwonyesha jikoni, na kwa watu wengi lina nguvu kuliko maneno: weka kijiko cha soda, kamulia ndimu, ngojeni povu liishe, kisha muulize ile nguvu iliyokuwa inachemka imekwenda wapi.

Soda aiache leo. Maji ya ndimu bila soda hayana ubaya akiyapenda, ila asukutue mdomo kwa maji baadaye, kwani ndimu hula ganda la jino. Jagi la juisi ya majani lisubiri vipimo. Mboga ni chakula kizuri kwake zikiwa kwenye sahani, lakini jagi zima kila siku lina potasiamu nyingi, na losatani huizuia potasiamu isitoke. Figo zikiwa zimechoka, mchanganyiko huo unaweza kuipandisha hadi kuvuruga mapigo ya moyo. Atakaporudi kwenye losatani huku jagi likiendelea ndipo hatari hiyo itakapokuja, si sasa, kwa hiyo lisemeni mapema kliniki.

Limebaki lile la figo, na tunadhani hili ndilo hofu yake kubwa ingawa hakulitaja. Metfomini haiui figo. Kinachoziua taratibu ni sukari na presha zilizoachwa juu miaka mingi. Dhana imetokana na kitu ambacho watu wamekiona kweli: mgonjwa anatumia metfomini miaka mingi, figo zinachoka, daktari anaisimamisha. Mtazamaji anaunganisha. Lakini husimamishwa kwa sababu hutoka mwilini kupitia figo, na zikishindwa kuitoa hurundikana na inaweza kuichachua damu. Uwezo wa figo kuchuja (kwenye majibu ya maabara huandikwa eGFR) ukishuka chini ya 45, daktari huangalia upya dozi. Chini ya 30, huiondoa. Ni sawa na kupunguza mzigo wa punda aliyeumia mguu. Mzigo unapunguzwa kwa ajili ya jeraha, haimaanishi ndio uliomjeruhi.

Na usimwambie kwamba dawa hii haina baya lolote. Ikitumiwa miaka mingi inaweza kushusha vitamini B12, na dalili yake ni ganzi na kuchomachoma miguuni, uchovu, hata upungufu wa damu. Miaka 9 kwa miligramu 2000 kwa siku ni sababu tosha ya kuomba kipimo cha B12. Hilo ndilo dhara la kweli la kulifuatilia. Kama mama ana moyo na dawa za mimea, mweleze pia kwamba utafiti uliozaa metfomini ulianzia kwenye mmea, Galega officinalis, na kwamba Jean Sterne alianza kuitumia kutibu kisukari nchini Ufaransa, akachapisha matokeo mwaka 1957. Tofauti ya kidonge na jagi ni kwamba kwenye kidonge kiasi kinajulikana.

Mazungumzo yenyewe yafanyeni mkiwa wawili, mbali na simu na mbali na kundi. Usianze na “kwa nini umeacha”. Anza na “Mama, zile dawa zilikuwa zinakusumbua wapi?” kisha nyamaza. Usimkatize hata akirudi kwenye asidi. Andika anayoyasema mbele yake, kwamba ndiyo mtakayomwambia daktari. Baada ya hapo ndipo useme jambo moja tu la kusahihisha, na tungechagua lile la kukojoa usiku, kwa kuwa analiishi kila siku. Ukimwaga hoja kumi atakumbuka kwamba mligombana. Mengine yana siku zake.

Mashine ameikataa kwa sababu imekuwa fimbo ya kumchapia. Mrudishie mikononi. Asome namba mwenyewe na aandike kwa mkono wake. Kabla ya kupima presha akae dakika tano, mgongo umeegemea, nyayo zote sakafuni, miguu isikunjwe, mkono umelala juu ya meza usawa wa moyo, bendi ya mashine ikigusa ngozi badala ya nguo. Nusu saa kabla, asiwe amekunywa kahawa wala kufanya kazi nzito, na kibofu kiwe kitupu. Asiongee wakati mashine inajaza upepo, maana kuongea tu hupandisha namba. Apime mara mbili, dakika moja kati, asubuhi na jioni kwa siku 7. Siku ya kwanza huachwa, zilizobaki hutolewa wastani. Huu ni ufuatiliaji akisharudi kwenye dawa, usiufanye sababu ya kuchelewesha kliniki.

Kwenye sukari kuna kosa moja linalohusu nyumba yenu hasa. Maji ya tunda yakibaki kidoleni huipandisha namba isivyo kweli. Anayekamua ndimu na kuandaa juisi kila asubuhi anawe kwa sabuni, akauke kabisa, ndipo atoboe. Angalia pia tarehe ya mwisho ya vijiti vya kupimia na kwamba kopo lake lilifungwa vizuri. Rudia lile 13.8 kwa mikono safi. Likibadilika sana, mwambie mama ukweli huo bila kusita. Dalili zake bado zinampeleka kliniki, na atajua kwamba humchagulii namba zinazokufaa wewe.

Kuhusu mjomba, ulikuwa sahihi kwa habari na ukakosea kwa mahali. Mtu mzima akisahihishwa mbele ya wadogo zake hutetea cheo chake kwanza, na hoja inazikwa hapohapo. Mpigie. Msalimie, mshukuru kwa kuwaza afya ya dada yake, kwa sababu bila shaka ndicho alichokuwa anawaza, kisha mpe namba za mama kama habari ya kifamilia: “Mjomba, mama ameacha dawa, sukari imefika 13.8 na presha 168. Nahitaji msaada wako, wewe anakusikiliza.” Usidai aombe radhi. Mpe kazi: ampigie dada yake amwambie aende kliniki, na akiweza amsindikize. Aliyeileta ile sauti ndiye mwenye uwezo mkubwa wa kuiondoa.

Lakini kundi lisiachwe hivi hivi. Wapo wanaosoma bila kuandika, na pengine miongoni mwao yumo mwingine mwenye vidonge kwenye droo. Watafiti wa mawasiliano wameona kwamba sahihisho lililoandikwa kwa adabu hupunguza imani potofu ya wanaolisoma pembeni, hata kama aliyetuma hageuki. Andika kwa ajili yao. Tanguliza lililo kweli, litaje lile potofu mara moja tu, onyesha lilipokosewa, kisha funga na lililo kweli. Usiisambaze tena ile sauti hata kwa nia ya kuipinga: tangu jaribio la Hasher, Goldstein na Toppino la mwaka 1977 inajulikana kwamba watu huliona jambo kuwa la kweli zaidi kwa kulisikia tena tu. Ungeweza kuandika hivi, ukishaongea na mjomba:

“Shikamooni wakubwa. Dawa za presha na kisukari haziachwi bila kuongea na daktari, kwa sababu presha hupanda bila kuuma. Ile sauti ya soda na ndimu haikutaja kwamba vijiko viwili vya soda vina sodiamu inayozidi kiwango cha siku nzima, na wenye presha, ambao ndio walio hatarini, wamo humu. Kama dawa inakusumbua miguu au tumbo, sema, zipo nyingine. Mwenye swali anipigie, tutamuuliza mfamasia pamoja.”

Haina jina la mtu ndani yake na haina neno “uongo”. Wakijibu kwa ukali, jibu mara moja kwa utulivu, kisha basi.

Kwa sauti zitakazokuja, angalia kwanza ile mishale miwili ya WhatsApp juu ya ujumbe. Inamaanisha umepita mikono mitano au zaidi, hivyo hata aliyekutumia hajui ulikoanzia. Kisha sikiliza kama kuna mtu wa kuulizwa. Daktari asiye na jina wala mahali pa kazi hawezi kuwajibika mama akizidiwa. Tafuta kiasi, na kwa nani usitumike. Tiba ya kweli huja na watu wasioifaa: wajawazito, wenye figo dhaifu, wanaotumia dawa fulani. Inayowafaa wote kwa magonjwa yote haijapimwa kwa yeyote.

Jina kubwa lisikutishe. Warburg alikuwa mwanasayansi mkubwa kweli, na Nobel alipata mwaka 1931, lakini aliipata kwa kugundua asili na utendaji wa kimeng'enya cha upumuaji wa seli. Haikuwa tuzo ya chanzo cha saratani, wala haikuhusu ndimu. Sauti za namna hii hupenda kufunga uongo kwenye jina na mwaka vilivyo sahihi, kwa kuwa msikilizaji mwangalifu atavitafuta, atavikuta, na ataishia hapo. Tafuta tuzo ilitolewa kwa kazi gani.

Na mtu akikuuliza kitu cha asili kitamdhuru nani, una jibu lenye tarehe. Watu wanaokula mboga na matunda yenye beta-karotini, kile kinachoipa karoti rangi yake, walionekana kupata saratani ya mapafu kwa nadra kuliko wengine. Ilikuwa busara kabisa kudhani kidonge chake kingesaidia. Huko Finland wanaume 29,133 wavutaji sigara waligawanywa kwa bahati nasibu, baadhi wakapewa miligramu 20 kila siku. Matokeo ya mwaka 1994 yalionyesha waliopewa walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi. Madaktari walikuwa wamekosea, na walijua hivyo kwa sababu waliweka kundi la kulinganisha na wakahesabu.

Siku ya kliniki mchukue mama na daftari lake la namba, karatasi zote za vidonge hata zilizobaki nusu, na orodha ya alichokunywa kwa wiki hizi tatu, kiasi na mara ngapi. Ombeni HbA1c, kreatinini (kipimo cha figo) pamoja na potasiamu, protini kwenye mkojo, na B12. Mwacheni aanze yeye kueleza miguu na tumbo kabla daktari hajaanza na namba. Na bebeni kile kijiko alichokuwa anapimia soda. Kijiko cha chai kilichojaa hadi kilima kinaweza kubeba karibu mara mbili ya kilichosawazishwa, na hesabu tuliyowapa ni ya kilichosawazishwa.